Padi ya zamani kwenye gemu za DOS: vitufe vikigoma, usikimbilie bisibisi

Hapa Kigoma, mwisho wa reli, kompyuta haizeeki haraka. Mashine iliyoondolewa kwenye ofisi ya Dar es Salaam miaka hiyo bado utaikuta Mwanga au Ujiji, imefunikwa kitambaa, na ukiiwasha inawaka. Kwenye maboksi yanayokuja na mashine hizo ndimo zinamotoka padi za zamani za gemu za DOS (mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows), zenye plagi pana ya pini 15, ambazo kijana aliyekulia kwenye vibanda vya PlayStation akiziona anadhani ni kifaa cha hospitali. Wanaoniletea huwa na malalamiko yaleyale: mishale inakubali na vitufe viwili vinakubali, lakini viwili vimekufa. Au vyote vimekufa. Au, hii ndiyo inayochekesha, vinajibonyeza vyenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba padi nyingi zinazoitwa mbovu ni nzima. Kinachokosekana ni maelewano kati ya padi, tundu la kompyuta na gemu kuhusu idadi ya vitufe. Ukishaelewa hilo, kazi inakuwa nyepesi, na mara nyingi hata bisibisi huigusi.

Tuanze na tundu. IBM waliliuza kama kadi ya ziada mwaka 1981, pamoja na PC yao ya kwanza, na kwa miaka iliyofuata watengenezaji wengine waliliiga lilivyo. Linajua vitu vinane tu: mielekeo minne (miwili kwa kila mchezaji: juu-chini na kushoto-kulia) na vitufe vinne. Tena hivyo vitufe vinne havikukusudiwa mtu mmoja. Viwili ni vya mchezaji wa kwanza na viwili ni vya wa pili, wakigawana tundu kwa waya wa Y. Kwa hiyo padi yenye vitufe vinne ni kama jirani aliyeazima viti viwili vya nyumba ya pili kwa kuwa wenyewe wamesafiri. Siku wakirudi, vita. Ndiyo maana ukichomeka padi mbili kwa waya wa Y, halafu ya kwanza ukaiacha kwenye hali ya vitufe vinne, mmoja akipiga ngumi mwenzake naye anaruka.

Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka swichi. Padi maarufu kuliko zote za enzi hizo, Gravis PC GamePad kutoka Kanada, iliyotoka mwaka 1991, ina swichi ndogo ya kuchagua vitufe viwili au vinne. Ikiwa kwenye viwili, vile viwili vingine havifi. Vinageuka kuwa vya kupiga mfululizo, yaani ukishikilia kimoja ni kama unakibonyeza upesi upesi mara nyingi. Mtu asiyejua anasema kitufe cha tatu "kinafanya kazi ya cha kwanza", na hajakosea.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ujiji aliniletea padi ya aina hiyo akiwa ameshafunga safari ya kuitupa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii wajukuu wameimaliza. Vitufe viwili havina kazi tena."

"Mwalimu, naomba nisogeze hiki tu kwa kucha, halafu tujaribu."

Aliniangalia kama anayeangalia mwanafunzi aliyeibia mtihani. Lakini ilikubali.

Ndugu yake mdogo, Gravis GamePad Pro, ana swichi yenye mambo zaidi. Kuna hali ya kawaida ya analogi, na kuna hali ya kidijitali inayoitwa GrIP, ambayo inapitisha vitufe vyake vyote kumi kwa kutuma taarifa kwenye nyaya zilezile za vitufe. Gemu inayoijua GrIP inafurahi. Gemu isiyoijua inaona vitufe vinabonyezwa na kuachiwa bila kukoma, na hapo ndipo bunduki inapojipiga yenyewe huku umekunja mikono. Rudisha swichi kwenye analogi, ukubali vitufe vinne, maisha yaendelee. Na kama umeuziwa Microsoft SideWinder ya 1996 kwa ajili ya DOS tupu, pole sana. Ile inazungumza kidijitali na inategemea draiva za Windows 95. Usipoteze jioni yako.

Sasa kipimo ninachokiamini. Watu wengi hukimbilia mita ya kupimia umeme, na kwa joystiki ya kawaida mita inatosha: iweke kwenye mlio, ncha moja pini ya 4 ambayo ni hasi, nyingine pini ya 2 kwa kitufe cha kwanza, 7 kwa cha pili, 10 kwa cha tatu, 14 kwa cha nne. Bonyeza, sikiliza. Tatizo ni kwamba padi yenye kupiga mfululizo ina chipu ndani inayokula volti 5 za kompyuta. Bila umeme huo mita inaweza kunyamaza ilhali kitufe ni kizima kabisa, nawe ukaanza kufungua skrubu bila sababu.

Ndiyo maana mimi huanza na QBasic, programu ndogo ya kuiandikia kompyuta maagizo, ambayo ilikuja bure na MS-DOS 5 mwaka 1991 na kwa kawaida bado imo humo humo kwenye folda ya DOS. Iwashe kwenye DOS yenyewe, si ndani ya Windows, uandike mistari mitatu:

DO
PRINT INP(&H201)
LOOP

Bonyeza F5. Namba zinaanza kumwagika kwenye skrini. Hiyo 201 ndiyo anwani ya tundu, kwa hiyo unasoma moja kwa moja kile ambacho tundu linasema, hakuna gemu katikati ya kukudanganya. Usipogusa kitu, namba moja inajirudia, mara nyingi 240 au 252. Iangalie vizuri, kisha bonyeza kitufe cha kwanza: inashuka kwa 16. Cha pili inashuka kwa 32, cha tatu 64, cha nne 128. Kama mwanzo ulikuwa 240, utaona 224, 208, 176 na 112. Shika vyote vinne kwa pamoja na utaona 0.

Hapo padi imejieleza yenyewe. Namba ikishuka kila mara, vitufe ni vizima na mkosaji ni gemu. Kitufe cha tatu kikishusha 16 badala ya 64, swichi iko kwenye vitufe viwili. Ukishikilia kitufe na namba inarukaruka kati ya 240 na 224, umeshika cha kupiga mfululizo. Inachezacheza bila kuguswa? Iko kwenye GrIP. Na ikikaa 255 daima, hata ubonyeze nini, basi achana na padi kabisa, kwani kompyuta hailioni tundu. Ctrl na Break kwa pamoja ndiyo kusimamisha.

Kuhusu hiyo 255. Tundu la gemu mara nyingi limo nyuma ya kadi ya sauti, na kadi nyingi zina jampa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili) ya kulizima. Ukiwa na kadi mbili zenye tundu, zote zinagombea anwani ileile ya 201, hivyo moja lazima izimwe. Sound Blaster zile za kujipanga zenyewe huhitaji programu yao, CTCM, iamshwe kwanza kwenye faili za kuwashia DOS, la sivyo tundu linabaki limelala. Na mashine ambazo tundu limo kwenye bodi yenyewe huliwasha kupitia BIOS, yaani mipangilio ya bodi inayofunguka kabla ya DOS. Betri ya CR2032 ikiisha, na kwa umeme wa kukatika na kurudi utaijua mapema, BIOS inasahau kila kitu, pamoja na hilo. Betri hiyo Mwanga ipo, haina bei ya kutisha.

Ikiwa namba zimeonyesha kwamba kitufe kimoja kweli kimekufa, sasa chukua bisibisi. Ukiinua ganda utakuta raba yenye vidonge vyeusi vya kaboni chini ya kila kitufe, na kwenye bodi kuna nyayo zinazoguswa na vidonge hivyo. Kwa padi zilizokaa kwetu, adui ni mafuta. Mtoto anakula mgebuka wa mawese kwa mkono wa kulia na kucheza kwa mkono huohuo, yale mafuta yanashuka pembeni mwa kitufe, yanashika vumbi jekundu, mwishowe unakuta utando wa rangi ya machungwa umekaa juu ya kaboni. Pamba na spiriti ya duka la dawa, taratibu, acha ikauke. Petroli hapana, inavimbisha raba. Kwenye nyayo za bodi, ufutio wa penseli unasugua vizuri. Kaboni ikiwa imekwisha kabisa, toa kidonge kwenye rimoti iliyokufa ya TV, kikate sawa, kigandishe kwa gundi kidogo. Ujanja wa kupaka penseli nimeuona kwa mafundi wengi na siupendi, kwani kitufe kinarudi kugoma baada ya muda mfupi na mteja anarudi amenuna.

Usisahau waya. Unakatikia ndani pale unapoingia kwenye padi, kwa sababu watu huuzungushia padi yenyewe wanapoihifadhi. Ukiukunja pale na namba zikabadilika, umeupata: kata, unganisha upya kwa risasi.

Twende kwa wenye laptopu, ambao ndio wengi sasa. Windows iliacha kulitambua tundu hili tangu Vista, kwa hiyo unahitaji kiunganishi cha kugeuza pini 15 kuwa USB, kisha DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya kompyuta ya sasa. Vingi vya viunganishi hivyo vinasoma analogi tu, kwa hiyo yale ya GrIP na SideWinder yanarudi palepale. Ukitumia Linux kwenye mashine yenye tundu lenyewe, draiva zake bado zimo, hata za GrIP.

Chomeka padi kabla ya kufungua DOSBox. Ukichomeka baadaye haioni. Kisha fungua faili lake la mipangilio, tafuta sehemu ya [joystick]. Mstari wa joysticktype huja ukiwa auto, na auto ikikuta vifaa viwili vya gemu kwenye kompyuta inagawa vitufe viwili kwa kila kimoja. Wapo watu wenye usukani wa gari au padi nyingine imechomekwa nyuma na wameisahau, halafu wanalia kwamba vitufe vya tatu na vya nne havipo. Andika joysticktype=4axis, vyote vinne vinakuja kwenye padi ya kwanza. Mtu wako kwenye gemu akitembea peke yake kuelekea ukutani, weka timed=false. Tundu la zamani linapima mwelekeo kwa muda ambao umeme unajaa kwenye kapasita, kuanzia mikrosekunde kama 24 hadi kidogo zaidi ya milisekunde moja, na gemu za kale zilihesabu muda huo kwa kasi ya prosesa. Ukiongeza kasi, hesabu inaharibika. Ctrl na F11 hupunguza kasi, jaribu hiyo pia.

Kwa maoni yangu, gemu nyingi zitakupa raha zaidi ukiachana na joystiki ya kuigizwa na kuvipa vitufe kazi za kibodi. Bonyeza Ctrl na F1, kibodi inachorwa kwenye skrini. Bofya herufi unayotaka, bofya Add, bonyeza kitufe cha padi, kisha Save. Kwenye DOSBox Staging, toleo jingine la DOSBox, kuna joysticktype=hidden, inayoificha padi gemu isiione lakini inakuachia uipangie vitufe. Kwenye DOSBox ya kawaida usiweke none ukitegemea hilo, maana none inaizima padi kabisa.

Zinabaki gemu zenyewe, na kila moja ina kiburi chake. Wolfenstein 3D ya 1992 ina mstari wa Gravis GamePad ndani ya menyu ya Control, na usipouwasha inasoma vitufe viwili tu. Padi isipokuwepo gemu inapofunguka, mstari huo hauchaguliki. Doom inataka usukume padi kwenye kona inapoanza na kubonyeza kitufe cha kwanza. Ukiachia mshale kabla ya kubonyeza, rudia upya. Kazi za vitufe utazibadilisha kwenye default.cfg, kwenye mistari ya joyb_fire, joyb_strafe, joyb_speed na joyb_use, ambako kitufe cha kwanza kinahesabiwa 0, si 1. Prince of Persia haiulizi chochote: inakaa kwenye kibodi mpaka ubonyeze Ctrl na J, padi ikiwa imetulia katikati, na ukitaka kurudi kwenye kibodi ni Ctrl na K.