Kambi ya mashindano ya skauti wikendi moja: maswali yenu na majibu

Likizo ya Agosti ikikaribia simu yangu haitulii, kila patron (mwalimu anayesimamia kundi la skauti) na kila Jasiri (skauti kijana mkubwa) anapanga kambi ya mashindano na kila mmoja amekwama mahali pake. Nimechukua maswali yale yanajirudia sana nikayajibu hapa kwa pamoja. Msimamo wangu nausema mapema ili asishangae mtu: mashindano ya skauti yaamuliwe na kile watoto wamefanya kwa mikono yao hiyo wikendi, si na mfuko wa mzazi wala ujanja wa patron.

Mwalimu, tumeambiwa kambi lazima iwe na mada. Tumechagua "Vijana na Uongozi Bora", tutachapa tisheti na bango. Inatosha? (Patron, Umoja)

Haitoshi mwalimu wangu. Hiyo ni mada ya semina, mtoto wa miaka 12 hana pa kuishika. Hebu jiulize, ukitoa lile bango getini kuna kitu chochote kitabadilika ndani ya kambi? Kama hakuna basi hiyo si mada, ni mapambo. Mada iingie kwa kazi zenyewe, kwa chakula, kwa majina ya patroli (vile vikundi vidogo watoto wanagawanywa ndani ya kundi), hadi kwa hadithi za moto wa kambi. Na hili si jambo tumezua sisi, kambi ya kwanza kabisa ya skauti, ile mwanzilishi wetu Baden-Powell alifanya kwa kisiwa cha Brownsea kule Uingereza Agosti 1907, kila siku ilikuwa na somo lake, leo ni kuchunguza na kufuata nyayo, kesho uungwana wa zamani, siku nyingine kuokoa maisha, na jioni ya kabla yake wanasimuliwa hadithi ya kuwaingiza kwa somo la kesho. Asubuhi walikuwa wanaamshwa na pembe ya tandala aliyotoka nayo huku Afrika.

Nikupe mfano wa hapa kwetu: Reli. Ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika ziwani Kisumu 1901. Kila patroli ipewe stesheni, hawa ni Voi, hawa Mtito Andei, hawa Makindu. Jumamosi asubuhi wanajenga daraja la fito na kamba na patroli nzima ivuke juu yake mmoja mmoja mbele ya jaji, na hapo ndipo unawasimulia daraja la Tsavo mwaka wa 1898, vile simba walikuwa wanakula wafanyakazi usiku hadi kazi ikasimama. Alasiri ni ramani na dira, wapewe mlima na waambiwe reli ipite wapi bila mteremko kuwa mkali, utashangaa vile watoto wanabishana vizuri hapo. Huduma ya kwanza, kuna kibarua ameangukiwa na taruma la reli, mguu umevunjika, abebwe kwa machela ya fito na mablanketi. Usiku wanatumiana ujumbe wa Morse, zile alama za nukta na mistari, kwa tochi kutoka stesheni moja hadi nyingine, neno likifika limeharibika pointi zinapungua. Na mapishi ni chapo (chapati), kwa sababu reli ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India na mapishi ya Kihindi yako kwa jikoni zetu mpaka leo. Sasa hapo mtoto akienda nyumbani Jumapili ukimuuliza mada ilikuwa gani hataangalia tisheti ndio akujibu.

Kama reli haiwavutii, chukueni Msitu. Mna Wangari Maathai, mna Green Belt Movement, lile shirika lake la kupanda miti la 1977, mna vita vya kuokoa msitu wa Karura, mna Nobel ya 2004, na mna miti yenyewe hapo mbele yenu ya kutambua kwa majani na maganda, muhugu ni upi, mkinduri ni upi. Huo uongozi mlitaka utajitokeza wenyewe hapo, wapeni tu kazi ngumu na mbadilishe kiongozi kila kituo cha mashindano.

Sisi ni wa Mathare, tenti hatuna hata moja. Kambi iliyopita kundi moja lilikuja na tenti mpya, meza za kukunja na jiko la gesi wakabeba pointi zote za kambi safi. Kuna haja tuje kweli? (Jasiri, Mathare)

Njooni ndugu yangu, tena njooni mapema. Lakini jibu langu hasa ni kwa wale wanaandaa, kwa sababu hilo swali halikufaa kuulizwa na kijana yeyote wa skauti. Pale Brownsea walichukua watoto wa shule za matajiri na watoto wa wafanyakazi wakawachanganya kwa patroli zilezile, wakalala kwa tenti zilezile. Huo ndio msingi wetu, na mkipanga mashindano yenye mshindi anajulikana akishuka tu kwa basi basi msingi mmeuacha.

Dawa yake ni rahisi. Andikeni kwa sheria kwamba kila patroli inapewa vitu sawa na waandaaji: turubai moja, fito idadi fulani, kamba ya katani roli moja, sufuria mbili, panga moja. Hakuna kingine kwa eneo la mashindano. Mwenye tenti nzuri alale ndani yake, hatumkatazi, lakini haipewi pointi hata moja. Pointi ziko kwa gajeti walizojenga: stendi ya kunawia, rafu ya vyombo, meza ya fito na kamba. Hapo mtoto wa Mathare aliyejifunza fundo zake vizuri kwa darasa la Jumamosi anamshinda mwenye meza ya kununua, na inafaa amshinde.

Turubai si lazima ziwe mpya. Za mitumba ziko soko la Gikomba, na sufuria kubwa za kambi nendeni Kamukunji kwa mafundi wenyewe, hapo bei unaongea.

Kila mwaka matokeo yakisomwa mapatron wanapigana maneno mbele ya watoto, hata kuna mwaka kombe lilikaa siku mbili bila mwenyewe. Tufanyeje? (Kiongozi, Kawangware)

Hii ndiyo inaniuma zaidi, kwa hivyo nivumilie nikienda mbali.

Ugomvi mwingi unaanza kwa sababu watu hawakujua nini kinapimwa. Karatasi ya alama iwafikie wote wiki kadhaa kabla, ikiwa na kila kituo na kila alama, jaji akisema "fundo likilegea ni kutoa mbili" iwe imeandikwa tangu mwanzo. Pili, jaji akae kituo kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho ili patroli zote zipimwe kwa jicho moja, na awe na mwenzake, na wote wawili wasitoke kwa kundi linaloshindana. Majasiri wa makundi mengine wanafaa sana hapa, na muuguzi wa mtaa au mtu wa Msalaba Mwekundu akiwasimamia huduma ya kwanza ndio bora zaidi, manake anajua kama huyo mgonjwa angepona ama angekufa.

Tatu, alama zibandikwe ubaoni Ijumaa usiku na Jumamosi usiku. Malalamiko yaletwe na kiongozi wa patroli, si patron, tena kabla ya kulala. Mkingoja Jumapili saa sita ndio mseme kila kitu, mbele ya wazazi na mkuu wa shule, lazima patachafuka.

Nne, na hili nawaomba sana, wekeni kamba kuzunguka eneo la kila patroli na mtu mzima asiivuke. Patron akivuka kufunga fundo, patroli inapoteza pointi za hicho kituo. Ni ngumu kwa patron, najua, mtoto anahangaika na moto hauwaki na wewe unaona kosa liko wapi. Lakini kumfungia fundo ni sawa na kumfanyia mtihani, hata akipita hajapita.

Alafu msitoe kombe moja peke yake. Wekeni viwango: kila patroli iliyofika alama fulani inapata utepe wa kijani, ikizidi hapo utepe wa dhahabu, hata kama ni patroli kumi zote zimefika. Kombe liko kwa ile ya kwanza, sawa, lakini watoto wengi wanarudi nyumbani wakiwa na kitu walichokitolea jasho. Na kwa ukaguzi wa kambi, pimeni pia vile patroli imebadilika kutoka Jumamosi asubuhi hadi Jumapili asubuhi, kuna patroli zinaanza vibaya sana na zinajifunza haraka, hizo zionekane.

Mtoto wangu ana miaka 11 na ana pumu. Agosti ni baridi sana, kuna ubaya wakiwekewa jiko la makaa kwa tenti usiku? (Mama, South B)

Mama, ubaya ni mkubwa, tafadhali usikubali na usiruhusu yeyote akubali. Makaa yakiwaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaendelea kutoka hata moto ukionekana umefifia, watu hulala na hawaamki. Jiko likae nje, mbali na tenti.

Baridi ya Nairobi Julai na Agosti usiku inashuka hadi nyuzi 10 ama 12 hivi, na inayomshika mtoto ni ile inatoka chini kwa ardhi zaidi ya ile ya juu. Kwa hivyo makatoni chini, juu yake turubai, juu yake blanketi, kabla hata ya kufikiria la kujifunika. Abadilishe nguo zote kabla ya kulala, asilale na soksi alizotembea nazo mchana, na marvin (kofia ya sufu) kichwani. Inhela iwe mbili, moja mfukoni mwake na moja kwa mtu wa huduma ya kwanza, na uandike kwa ile fomu kwamba moshi unamsumbua ili asiwekwe upande moshi unakoelekea. Na usione haya kuuliza maswali: ni watu wazima wangapi wanalala kambini, wasichana na wavulana wanalala wapi, hospitali ya karibu ni gani, na kuna gari usiku ama mtangoja hadi mtu ajibu 999? Kundi zuri litakujibu yote bila kukasirika.

Mimi ni patroli lida (kiongozi wa patroli) nina miaka 13 na ni mara yangu ya kwanza. Nifanye nini wiki hii? (Chipukizi, Donholm)

Hongera sana! Kaa chini na patroli yako mpange nani anafanya nini, moto, maji, mapishi, gajeti, huduma ya kwanza, na kila kazi iwe na wawili ili mmoja akiugua isisimame. Yule mdogo kabisa mpe kazi ya maana, si kubeba begi lako. Alafu mfunge fundo zenu gizani, bila tochi, hadi vidole vizijue. Ukikasirika kambini, kunywa maji kwanza ndio uongee.

Tunataka kila patroli ipike githeri, ni rahisi na inashibisha. Sawa? (Patron, Kasarani)

Inashibisha lakini si rahisi vile unafikiria. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwa nyuzi kama 94 badala ya 100, ndio maana madondo (maharagwe) yanachukua muda mrefu kuliko Mombasa. Sasa wape watoto masaa mawili tu, moto wa kuni mbichi na haraka ya pointi, watakula maharagwe nusu mbichi, na yale mekundu yasipoiva yana sumu inayotapisha na kuharisha. Yachemsheni nyumbani Alhamisi ama Ijumaa asubuhi, myalete yameiva, kambini wakaange na viazi na karoti. Mkitaka kupima mapishi hasa, wapeni ugali na sukuma, ugali haufichi kitu.

Patroli yangu ina Wasabato wawili na Muislamu mmoja, na vituo vikubwa vyote viko Jumamosi mchana. (Kiongozi, Eastleigh)

Waambie waandaaji mapema, wasiambiwe siku yenyewe. Sabato inaisha jua likizama, na Nairobi linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hivyo kituo kimoja kikubwa kihamishwe Jumamosi usiku, Morse kwa mfano, na kingine Jumapili asubuhi baada ya ibada ya Wakristo. Vituo vya mchana patroli ipimwe kwa wastani wa waliopo, isikatwe alama kwa sababu wawili wako kwa ibada. Nyama iwe halali kwa kambi nzima, hivyo hakuna mtoto anakula peke yake pembeni. Na ratiba iache nafasi ya swala bila mtoto kuomba ruhusa kila saa.

Kwa patroli zetu za mchanganyiko wasichana ndio wanapika kila siku na wavulana wanajenga. Jaji anaweza kufanya nini? (Jasiri msichana, Kahawa West)

Anaweza sana dada. Zamu za kazi zibandikwe mlangoni mwa kila eneo na jaji aziangalie kila mlo, aliyepika Ijumaa usiku asipike tena hadi wote wamepita. Na kwa daraja jaji aokote mtu yeyote amwambie "nifungie hii hapa". Ikiwa ni wavulana tu wanajua, alama za patroli nzima zishuke. Itabadilika kabla ya kambi inayofuata.

Tunaenda Rowallan, ile kambi ya skauti ya Nairobi. Tubebe maji ya chupa katoni ngapi? (Patron, Lang'ata)

Msibebe. Ukiwa ndani ya misitu iliyohifadhiwa chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku tangu 5 Juni 2020, na Rowallan imepakana na msitu wa Ngong Road, kwa hivyo msiwazoeshe watoto. Kila mmoja aje na chupa yake ya kujazwa, na patroli iwe na mitungi miwili ya lita 20. Hesabuni lita 15 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa, kupika na kunawa. Choo, kimoja kwa kila watu 20. Fito mje nazo kutoka nje, msikate mti wa msitu hata tawi. Na piga simu kambini wiki moja kabla uulize maji yako kwa mfereji ama itabidi mlete bauza (lori la maji).