Mchezaji si wenu, je timu?

Swali lenu la wiki hii, kama timu inayolea wachezaji kwa ajili ya klabu kubwa inastahili mashabiki wake yenyewe, limenitonesha donda. Jibu langu: haistahili. Mnawaza vijana wa Mbeya na Morogoro wanaosajiliwa Simba na Yanga, lakini huko klabu angalau humuuza mchezaji wake. Huku Portland, jimbo la Maine, Marekani, kwenye hoki ya barafuni, kwa kawaida mchezaji ni mali ya klabu kubwa tangu siku ya kwanza. Asubuhi anapigiwa simu, jioni hayupo.

Msimu wa mwisho wa Portland Pirates, timu ya hapa ya kulea wachezaji, 2015–16, nilikuwa nafagia ukumbi baada ya mechi. Usiku mmoja watu wameshatoka, nabandua bisi zilizogandamana na soda chini ya viti, nikamkuta mzee bado ameketi na koti lake la baridi. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Kigoma, Afrika. Akanyoosha kidole kwenye goli la mbali: "Pale alisimama kipa mzaliwa wa Afrika." Alikuwa anamsema Olaf Kölzig, aliyezaliwa Johannesburg. Mwaka 1994, msimu wa kwanza tangu timu ihamishwe kutoka Baltimore, wakiwa chini ya kocha Barry Trotz, waliifunga Moncton michezo 4 kwa 2 katika fainali na kubeba Kombe la Calder, kombe la bingwa wa ligi yao. Kölzig akawa mchezaji bora wa mtoano. Mzee akachuchumaa kati ya viti kunionyesha kipa alivyokuwa akijitandaza, goti likalia. Nikamshika mkono nimwinue. Akakataa, akataka amalize kwanza. Nami nikangoja, fagio mkononi, trekta la kulainisha barafu linazunguka nyuma yetu. Msimamizi wangu alinikata saa nzima ya mshahara. Sijutii hata dakika moja.

Kölzig alikuwa mali ya klabu kubwa ya Washington, na huko ndiko alikokwenda kudaka miaka mingi. Baadaye Pirates ililea wachezaji wa klabu za Anaheim, Buffalo, Phoenix, mwishowe Florida. Mei 2016 ikatangazwa imeuzwa na inahamia Springfield, Massachusetts. Mji ulikuwa umeshaachwa hivyo 1992, Maine Mariners, timu iliyokuwapo kabla ya Pirates, walipopelekwa Providence.

Kwa hiyo wa kulaumiwa ni wenye timu, si shabiki. Naona nimeteleza kutoka nilikoanzia. Yule mzee hakumpenda mchezaji wa kuazima. Alikipenda kile kiti na alichokiona akiwa amekikalia. Hilo linastahili, nakubali, ila tiketi ya msimu mzima nisingeilipia kabla ya kujua mkataba wa ukumbi unaisha lini.

Tangu 2018 kuna Mariners wapya, katika ligi iliyo chini ya ile ya Pirates. Nikienda kuwatazama huvaa jezi ya Pirates niliyoipata kwenye duka la mitumba, na kabla ya kukaa huangalia kwanza kile kiti.