Kabla hujaandika "yule" kwenye muhtasari wa kikoba

Ukatibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana, umenifundisha kuwa ugomvi wa marejesho mara nyingi hauanzii kwenye pesa. Unaanzia kwenye vineno vidogo tunavyovitamka bila kuvifikiria: huyu, huyo, yule. Mtu anaweza kuvumilia deni lake kutajwa mbele ya wenzake wote, ila akisikia "na yule atalipa lini?" ilhali amekaa hapo hapo mkekani, sauti zinapanda.

Ana haki. Yule ni wa mbali; ukimwita hivyo mtu aliye ndani, umeshamtoa nje. Hata hivyo, neno hilo hilo lina joto lake: "yule mama aliyetupikia msibani" ni mtu tunayemkumbuka sote kwa wema. Huyo nalo liko hivyo. "Mwanachama huyo aliomba kuongezewa muda" ni sentensi safi kabisa, kwa sababu mhusika ameshatajwa. Liache peke yake, livutwe kidogo, mkono nao upungwe, limekuwa dharau.

Sasa muhtasari haubebi sauti. Wewe uliyekuwepo unajua mwekahazina alisema kwa upole. Atakayesoma mwakani hajui. Na hapa Tanzania, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vyetu vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo daftari linaweza kufika mezani kwa mtu asiyemfahamu hata mmoja wetu. Andika jina, au nafasi ya mtu katika jambo lenyewe: mkopaji, mdhamini, mweka hisa. "Mkopaji hajarejesha" inatosha. "Huyu mama hajarejesha" imeshaongeza kitu ambacho kikao hakikukubaliana.

Makundi yanahitaji uangalifu zaidi. "Hawa wa sokoni" na "wale wa bondeni" zikishaingia kwenye daftari, kikoba kimegawanyika pande mbili, na kuziunganisha ni kazi ngumu kuliko kudai mkopo.

Halafu kuna ki na ka, viambishi vya kudogosha. "Kale kabinti" kwa watani ni mapenzi, kwenye muhtasari ni tusi. Kipofu na kiziwi, ijapokuwa yanaanza na ki, hupatanishwa kama watu: kipofu huyu, kiziwi yule. Anayesema "kipofu hiki" amemfanya mtu kitu. Mimi naandika jina tu. Ulemavu wa mwanachama hauna uhusiano na hisa zake.

Ana kwa ana, mgeukie mhusika: "Mama Asha, rejesho lako la mwezi huu bado." Usimpitishie kwa mwenyekiti kana kwamba hayupo.

Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya kuthibitishwa, wahusika wakiwepo. Ukiona mtu ameinamisha uso au ameguna, simama hapo, mwulize angependa atajwe vipi, urekebishe sentensi hiyo kabla mwenyekiti hajatia saini.