Re: Njegere zinashika unga mweupe kila zikitoa maua

Habari ndugu, umeuliza kama kuna mbegu ya njegere isiyoshikwa na unga mweupe maana njegere zako za Lushoto zinakuishia kwenye maua. Ipo. Ila kwanza pangusa jani kwa kidole, unga ukitoka ni ubwiri unga, kama ukungu uko chini ya jani na juu pana njano basi ni ubwiri vinyoya, huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Mimi naishi Mbezi shamba liko hukohuko kwako, nilikuwa napanda njegere za sokoni nikaumia misimu miwili, kwa kweli inauma. Soma pakiti ya mbegu iseme inastahimili ubwiri unga, nyingi za hivyo zina jeni (chembe ya urithi) ya kinga iitwayo er1, ndo imara, nyingine er2 kinga yake inategemea joto. Dawa ya salfa piga jioni, dalili zikianza tu, usingoje mvua, ubwiri unga unasambaa hata jani likiwa kavu.