Je, kingamwili hutukinga na kifua kikuu?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba mtu aliyeambukizwa kifua kikuu hutengeneza kingamwili, kama ilivyo kwa aliyepata surua. Mbona basi mwenye kingamwili hizo bado anaweza kuugua, na mbona hospitali hazipimi kingamwili hizo katika damu ili kuutambua ugonjwa?

JIBU: Ndugu msomaji, yote mawili yanategemea mahali bakteria wa kifua kikuu anapoishi. Kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kunasa vimelea, husambaa katika damu na majimaji ya mwili, kwa hiyo huvikamata virusi vya surua kabla havijapenya ndani ya seli. Bakteria huyu, akishavutwa kwa pumzi hadi ndani ya mapafu, humezwa na makrofaji, yaani seli ambazo kazi yake ni kumeza vimelea na kuviua, lakini yeye huweza kunusurika na kuzaliana humo humo, ambamo kingamwili hazimfikii kwa urahisi. Hapo mzigo mkubwa wa ulinzi huziangukia seli T (aina ya seli nyeupe za damu), hasa kundi liitwalo CD4, zinazotoa intaferoni gama, yaani protini ya kupelekeana ishara, ili kuzichochea seli zilizommeza zimuue. Ndiyo maana VVU, vinavyoangamiza seli za CD4, humweka mtu katika hatari kubwa ya kuugua kifua kikuu.

Kwa miongo mingi watafiti wengi walizipuuza kingamwili kwa sababu hiyo, na kwa maoni yangu walifanya haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kingamwili za watu walioambukizwa bila kuugua hutofautiana na za wagonjwa katika sukari zilizoshikamana nazo, na kwamba katika maabara ziliyasaidia zaidi makrofaji kumdhibiti bakteria. Hiyo bado si thibitisho kwamba ndizo zilizowakinga watu hao.

Kuhusu kipimo, wapo wenye kingamwili hizo wasioumwa, na wapo wagonjwa ambao kipimo hakizioni. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri vipimo vya aina hiyo vilivyokuwa sokoni visitumike kutambua ugonjwa huu. (Kipimo cha mkojo kiitwacho LAM, kinachotumiwa hasa kwa watu wenye VVU, ni kitu kingine: hicho hutumia kingamwili zilizotengenezwa tayari kunasa kipande cha ukuta wa bakteria mwenyewe.) Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi huchunguzwa makohozi, kwa hadubini au kwa kipimo cha vinasaba vya bakteria.