Oili ya gari lililotyuniwa: wadogo zangu, acheni kuuliza "ipi kali"

Jamani nimechoka. Kila mara anakuja dogo na gari lake, turbo kubwa, remapu (kompyuta ya injini imepangwa upya), eksozi inalia mpaka majirani wanafunga madirisha, halafu swali ni lilelile: bro, oili gani kali? Kali kivipi? Mnanitajia rangi ya galoni, mnanitajia stika mliyoiona kwenye gari la mbio, ila sijampata bado wa kuniambia oili yake inafika nyuzi ngapi akikanyaga. Nagomba kwa sababu nawapenda, na kwa sababu injini mnazoua ni zilezile tulizoua sisi, kwa njia zilezile.

1. Namba za kwenye galoni, mfano 5W-40. Ile yenye W ni ya baridi, inakwambia oili itakavyojiendesha injini ikiwa haijaamka, namba ya pili ndo unene kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo 0W-40 na 10W-40 zikishachemka ziko daraja moja, anayekwambia "0W ni maji matupu" mwache aende zake. Na hata hiyo 0W ikiwa baridi ni nzito mara kadhaa kuliko itakavyokuwa ya moto, ndo maana hatupigi resi gari halijapata joto, na joto nalosema ni la oili, sio la maji. Geji ya maji inatulia katikati mapema sana wakati oili bado iko nyuma.

Ila namba hazimalizi kazi. Tafuteni HTHS, yaani unene kwenye nyuzi 150 oili ikiwa inasagwa kwa kasi, hali ambayo metali za krenki (beringi ambazo shafti kuu ya injini inazungukia) zinakutana nayo ukikanyaga. 5W-30 ya kubana matumizi ya mafuta inaweza kuwa na HTHS ya 2.9 au 3 hivi, 5W-30 nyingine yenye ACEA C3 (daraja la ubora la Ulaya) lazima ifike 3.5, na galoni zote mbili mbele zimeandikwa 5W-30. Kwa gari la kukanyagwa mimi nataka 3.5 kwenda juu, labda kama injini imeundwa kwa oili nyepesi na hujaigusa kabisa.

2. "Inafaa kwa" sio idhini. Geuzeni galoni nyuma, tafuteni panapoandikwa kwamba mtengenezaji wa gari ameipitisha: MB 229.5, BMW Longlife-01, Porsche A40, VW 504 00 na ndugu zake. Hizo zina vipimo nyuma yake. Neno "racing" halina kipimo chochote nyuma yake.

3. 10W-60. Hii ina historia, M3 ya E46 yenye injini ya S54, BMW wenyewe waliiandikia 10W-60, basi toka hapo kila mwenye gari la mwendo anaona asipoweka 60 hajakamilika. Kuna dogo mmoja, simtaji atajijua, alimwaga 10W-60 kwenye injini ya Honda yenye VTEC (mfumo wa valvu unaosukumwa na presha ya oili) ambayo haijafunguliwa hata boliti moja, akanipigia kwa furaha kwamba presha ya oili imepanda, geji inasoma raha. Nikamuuliza gari linavutaje? Akanyamaza kidogo. Zito, asubuhi linaamka kwa shida, VTEC inaitika kwa kuchelewa. Sasa dogo, presha ni upinzani, oili nzito inapita kwa tabu ndo maana sindano imepanda, haimaanishi metali zinapata oili nyingi zaidi. Akabisha wiki nzima. Akairudisha 5W-40 kimya kimya bila kuniambia, nimekuja kuiona galoni kwenye buti.

4. Mwenye turbo na dairekti injekshen (petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda), API SP (daraja la ubora la Marekani, linaandikwa kwenye galoni) ndo mwanzo wa mazungumzo, usishuke chini yake. Ilikuja 2020, na sababu mojawapo ni ule mlipuko wa kabla ya wakati unaotokea resi ikiwa chini na mzigo mkubwa, unaopasua pistoni. Kalsiamu nyingi kwenye sabuni za oili (kemikali za kusafisha injini) inauchochea, ndo maana oili za SP zimepunguza kalsiamu na nyingi zikaleta magnesiamu. Na wewe acha kukanyaga mpaka mwisho ukiwa gia ya sita na resi 1500, shusha gia, gia ni bure.

5. Hii ndo iliyonifanya nikae kuandika, kwa sababu juzi nimeona dogo mwingine anajisifu "gari langu halili oili kabisa, tena kama inaongezeka" na watu wanampongeza. Nikasikia tumbo linakata.

Maana na mimi nilijisifu hivyohivyo. Gari langu lilikuwa na turbo, injekta nimebadilisha, tyuni yake imejaa petroli kupita kiasi kwa sababu nilitaka usalama na nilitaka na zile ruti ruti za eksozi (tuseme ukweli, nilizitaka zaidi ya usalama). Safari zangu zilikuwa fupi fupi, oili haipati joto la kutosha, nazima. Nikanunua oili ghali kuliko zote nilizoziona, 5W-40, na kwa sababu ilikuwa ghali nikaona nisiimwage mapema, si ndo maana nimelipa, ikae. Nachomoa dipstiki, oili iko palepale. Mwezi unapita, iko palepale. Baadae ikapanda kidogo juu ya alama na mimi nikaona injini yangu imebarikiwa. Fundi wangu mzee alinusa ile dipstiki akasema hii inanuka petroli bwana mdogo. Nikamjibu eti magari ya kisasa yote yananuka. Nikiikumbuka sura aliyonitazama nayo naona aibu mpaka leo.

Injini ilikuwa inakula oili kama injini yoyote iliyotyuniwa, ila kila inachokula petroli inajaza. Kwa hiyo kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) sina 5W-40 tena, nina mchanganyiko. Nikaenda saketi (uwanja wa mbio) na mchanganyiko huo. Raundi za kwanza oili ikapata joto kwelikweli, petroli ikaanza kuvukizwa, na ujazo ambao dipstiki ilikuwa inanidanganya nao ukashuka. Kwenye kona ndefu ya kulia sindano ya presha ikadondoka ikarudi. Nikasema sensa hiyo. Raundi inayofuata ikadondoka tena kona ileile, sensa hiyo, na nikaongeza mwendo, sijui nilitaka kumthibitishia nani. Halafu nikausikia. Aliyewahi kuusikia anaujua: ko, ko, ko, unapanda na resi. Injini imenoki.

Tuliposhusha sampu chini yake ilikuwa inang'aa shaba. Metali ya konrodi moja (mkono unaounga pistoni na krenki) imezunguka, krenki imechimbika, hapo hakuna cha kuokoa. Oili iliyobaki nikaipeleka maabara, nikitegemea kusikia nimeuziwa feki, maana nilikuwa nimeshaandaa na matusi. Oili haikuwa feki. Galoni ilisema 40, maabara ikasoma unene wa 20 na petroli tele. Hakuna chapa duniani ingeniokoa, mwenye kosa alikuwa mimi, pua yangu na ubahili wangu.

Kwa hiyo: ikipanda kwenye dipstiki, ogopeni kuliko ikishuka. Inuseni. Mwenye safari fupi na tyuni nzito, amwage mapema, kilomita za kwenye kitabu ziliandikwa kwa ajili ya gari ambalo halijaguswa.

6. Yaliyobaki haraka haraka. Rangi nyeusi haimaanishi oili imekufa, ni sabuni inafanya kazi. Oili ya mbio tupu msiendeshee kila siku, nyingi zina sabuni kidogo. Zinki nyingi ni kwa kamshafti za zamani, kwenye gari lenye katalisti (kisafisha moshi cha kwenye eksozi) fosforasi inayokuja na hiyo zinki inaiharibu. Vichupa vya kuongezea, hapana. Msijaze kupita alama ya juu, krenki ikiifikia inaipiga povu, na povu halishiki metali.

7. Wekeni geji ya joto la oili kabla ya stika. Ikikaa kati ya 100 na 120 ukiwa unakanyaga, uko sawa, gredi uliyonayo inatosha. Ikipita 130 na kukaa huko, fikiria kipoza oili (oil cooler) kwanza ndo ufikirie kupanda gredi. Ikiwa haifiki hata 90, tatizo lako ni maji na petroli visivyovukizwa, na 60 unayoitamani itakuongezea shida tu.

Mkija kuniuliza tena njooni na haya: injini gani, imefanyiwa nini, kitabu kinasema gredi na idhini gani, joto la juu kabisa la oili, presha kwenye sailensi (injini inaunguruma bila kukanyagwa) oili ikiwa ya moto, na dipstiki inashuka au inapanda. Asiyekuja nayo namjibu kesho. Na yule wa "inaongezeka", nimekutumia ujumbe toka juzi, usiliwashe hilo gari, nijibu.