Difu ipi inafaa kwa utelezi wa masika?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila masika gari langu la foo-wili hunasa kwenye utelezi wa kupanda Amani kutoka Muheza, gurudumu moja likizunguka bure. Nifunge difu ya aina gani? – Msomaji, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, difu ni gia zinazogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Difu ya kawaida huigawa sawasawa, kwa hiyo gurudumu lenye mshiko hupata kiasi kile kile kidogo kinachopokewa na lile linaloteleza. Difu loki huyafunga yote mawili yazunguke kwa kasi moja, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote topeni; lakini ukiwa ubavuni mwa mlima, magurudumu hayo yakiteleza pamoja, mkia wa gari huvutwa upande wa bonde, hatari ambayo madereva wa nchi za barafu wanaijua vizuri. Kwa hiyo nakushauri kwa dhati ufunge loki ya nyuma inayowashwa kwa swichi, uiwashe kabla ya kuingia kwenye tope na kuizima mara ufikapo penye lami. Difu ya kupunguza mtelezo hufanya kazi yenyewe, ila sahani zake za msuguano zilizo ndani huchakaa na huhitaji oili maalumu. Hata hivyo, kabla ya kununua chochote, kagua kwanza kashata za matairi yako.